Viatu vya Radka na Ondra

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu jozi tatu za viatu kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemwambia meneja wa uwanja wa barafu kwamba nimenoa vyuma tangu ujana wangu Isiolo, na sikudanganya: nilinoa visu vya wachinja ngamia. Basi mabapa yale ya chuma yaliyo chini ya viatu niliyanoa yakawa kama wembe. Mkuu wa mafundi, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, alilijaribu moja kwa kidole. Alifunga kidole kwa leso, kisha akaniambia kwa Kiswahili, ili wateja wasielewe, "Bwana Abdi, hawa wanateleza. Hawachinji."

Akanifundisha kwamba bapa huchimbwa mfereji mwembamba katikati, na pande za mfereji huo ndizo kingo mbili, ukingo wa ndani na ukingo wa nje. Mtelezaji husimama juu ya ukingo mmoja kwa wakati mmoja. Ukingo mmoja ukizidi mwenzake kimo hata kwa unene wa unywele, mtu anaanguka, na lawama ni za fundi.

Miaka michache kabla ya korona walikuja hapa Birmingham Wacheki wawili, Radka na Ondra, wakimfuata kocha wao, mama mfupi aliyevaa kofia ya manyoya hata ndani ya ofisi. Walishindana kama jozi: mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa, humrusha, naye hutua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Radka alianza akiwa na miaka sita. Ondra alikuwa mwenzake wa tatu. Wa kwanza aliacha barafu akaenda kusomea meno, wa pili alioa mke asiyetaka ashike kiuno cha mwingine. Walikuwa wamezunguka Ulaya nzima bila medali hata moja.

Jumanne moja nilimwambia Radka kwamba bapa huliwa kila linaponolewa, na yake yamefika mwisho, niagize mapya. Akainama dirishani pangu, pale ninapopokea viatu.

"Usiagize, Mzee Abdi. Shindano lijalo ni la mwisho kwangu, magoti yamechoka. Ondra asijue. Nitamvunja moyo."

Nikaahidi. Alhamisi akaja Ondra. Akaniuliza kama ninaweza kumtafutia mtu wa kununua viatu vyake baada ya shindano, maana mgongo umemshinda. Akaniomba Radka asijue. Atamvunja moyo.

Nilimweleza mke wangu, Mama Sahra. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akakumbuka kwamba amana ni amana, akaniamuru nifunge mdomo. Nikaufunga wiki sita. Mambo yakawa ya ajabu: kila mmoja, kwa kujiona msaliti, alimhurumia mwenzake na kujituma maradufu. Ugomvi wao wa kila siku ukaisha. Kocha alinijia akiwa na wasiwasi, akauliza kama wawili hawa wamepatwa na ugonjwa.

Shindano lilifanyika uwanjani kwetu. Ondra alimrusha, Radka akazunguka mara tatu angani, akatua bila kishindo. Nilijikuta nimeshika mkono wa meneja, naye hakuutoa. Walishika nafasi ya pili.

Bado wamevaa medali, kocha aliwaleta dirishani pangu. Aliniamuru niagize mabapa mapya, jozi mbili, kwa sababu sasa kuna miaka miwili ya kazi. Nilishika kalamu. Radka alitazama sakafu, Ondra alitazama dari. Kalamu haikuandika.

"Siwezi, Kocha," nikasema. "Radka, mwambie Ondra ulichoniambia. Nawe Ondra, mwambie Radka."

Ondra akamgeukia Radka, akauliza taratibu, "Na wewe?"

Radka akaitikia kwa kichwa. Wakakumbatiana, wakacheka na kulia kwa pamoja, medali zikigongana. Mimi nilimwogopa kocha. Lakini yeye alivua kofia, akaketi kwenye kigoda changu.

"Nimetaka kurudi nyumbani tangu mwaka juzi," alisema. "Nilibaki kwa ajili yenu."

Wiki ile ile wote watatu walifungasha. Radka sasa anafundisha watoto kuteleza. Ondra, niliambiwa, amepata kazi ya kukaa.

Mambo yale yalinigusa. Mabega yangu nayo yalikuwa yakiniuma kwa miaka miwili, na nilinyamaza nisimwache mkuu wa mafundi peke yake. Nyinyi mnaoanza kazi, msifanye hivyo. Nilimwendea, nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Bwana Abdi, mwaka mzima sasa, ukishaenda nyumbani, mimi narudia kunoa viatu vyote."

Nikamuuliza kama alirudia hata vya Radka, vya siku ya shindano.

"Vile sikuvigusa," alisema. "Vile ulivinoa sawasawa."

Nilistaafu mwisho wa mwezi.