Jembe Chini ya Nguzo za Simu

Jembe la mama yangu likichimba karibu na nguzo ya simu, je, litakata umeme unaorudi ardhini? Swali hilo lilininyima usingizi siku nyingi. Kilichonitesa zaidi si swali lenyewe. Watu wa ukoo wetu walikuwa wameacha kulima kwa sababu yangu, nami jibu sikuwa nalo.

Nilikuwa nimehitimu shule ya serikali kule pwani, miongoni mwa waliofanya vizuri. Reli ilipofika Morogoro, Wajerumani walitaka vijana wa kupiga simu stesheni, ile simu ya kugonga kitufe cha shaba, na milio yake, mifupi na mirefu, ikasomwa kama herufi katika mji mwingine. Nikachaguliwa. Lakini kabla ya kugusa kitufe ilitupasa kuusoma umeme: unatoka wapi, unapita wapi, kwa nini hukwama. Tulisomea katika chumba cha nyuma ya stesheni, mbele ya meza iliyojaa chupa pana za kioo zenye maji ya dawa na vipande vya madini. Bwana mwalimu, Mjerumani mwenye Kiswahili cha kukatakata, alituambia kuwa umeme hutoka katika chupa hizo, hupita kwenye waya mpaka Dar es Salaam, kisha hurudi ardhini hadi kwenye bamba la shaba lililozikwa nje ya dirisha. Waya ulikuwa mmoja tu.

Wenzangu waliitikia, wakakariri, wakaendelea. Mimi nilibaki papo hapo. Unarudi kwa njia gani? Ukikuta mto je? Ukikuta kaburi? Na umeme wetu unajuaje kuwa ni wetu, usiende kuibukia stesheni nyingine? Kila nilipotaka kuinua mkono niliwaza kuwa kama swali hili lingekuwa la maana, mwingine angekwisha kuliuliza. Somo likasonga mbele, na kuuliza jambo la mwanzo kukawa aibu kubwa kuliko kutolijua. Bwana mwalimu alipotaka kujua kama tumeelewa, niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Mtu mmoja tu alinigundua, Mzigua aliyeketi kando yangu. Alikuwa mtani wangu kwa desturi, kwa hiyo hapakuwa na neno asiloweza kuniambia. Siku moja alitazama mchoro wangu, ambamo umeme ulikuwa ukiteremka kama maji ya mfereji, akacheka taratibu.

"Ninyi Waluguru kila kitu kwenu kinateremka. Siku umeme ukipanda mtaukimbia."

Nilicheka naye, maana mtani hanuniwi. Lakini mchoro niliufuta.

Halafu mjomba akaja. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ndiye anayegawa mashamba ya ukoo, na ndiye aliyeniruhusu kwenda shule wakati wengine walisema nitapotea. Aliteremka kutoka mlimani na wazee wawili na mkungu wa ndizi, akanikuta nje ya stesheni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akataka niwaeleze wazee ninachosoma. Niliwaeleza habari za chupa na waya, wakawa wanatikisa vichwa kwa mshangao. Mzee mmoja akauliza umeme ukishafika unakwenda wapi. Hapo ndipo iliponipasa kusema sijui. Badala yake nilisema, kama mtu anayejua, kwamba unarudi chini kwa chini ukizifuata nguzo zile zile, na kwamba ni kitu cha kuheshimiwa. Hilo la mwisho hata sijui nililitoa wapi. Nadhani nilipenda jinsi walivyokuwa wakinitazama. Mtani wangu alikuwa mlangoni, akasikia yote, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Miezi ikapita. Siku moja mama alikuja mjini kuuza ndizi, akanipitia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani, nikamuuliza kama amekwisha kupanda. Akasema bado. Shamba lake liko bondeni, upande wa Kingolwira, na nguzo za simu zimepita katikati yake. Mjomba alikuwa amemkataza kila mtu wa ukoo kutia jembe katika mashamba hayo, asije akakata kitu cha serikali akafungwa. Majirani wa ukoo mwingine mahindi yao yalikuwa yameshapandwa, yakingoja mvua.

"Sijagusa, mwanangu," alisema. "Nimekaa mbali, kama ulivyotufundisha."

Alisema kwa fahari. Nilitazama miguu yake yenye vumbi jekundu, nikashindwa kumtazama usoni.

Ningeweza kumwambia akalime. Lakini je, kama yale niliyoyabuni yalikuwa kweli? Kama jembe lake lingekata kitu, na askari wakaja kumchukua? Kuwaambia walime bila kujua kungekuwa sawa na kule kuwakataza bila kujua. Nikafikiri nimuulize mtani wangu faraghani. Nikafikiri ningoje somo lirudiwe kabla ya mtihani. Nilifika mahali pa kuomba mvua ichelewe, mimi mtoto wa wakulima.

Kesho yake, bwana mwalimu alipouliza kama tumeelewa, sikuitikia. Nilisimama. Nikauliza umeme unarudi kwa njia gani, na kama jembe laweza kuukata.

Kicheko kilianzia nyuma kikaenea. Bwana mwalimu hakucheka.

"Hilo lilikuwa somo la kwanza," alisema. "Tangu siku ile ulikuwa unaitikia nini?"

Aliniacha nimesimama, akaeleza upya, polepole safari hii. Chini hakuna njia. Ardhi yote inaupokea umeme, nao hutawanyika humo pande zote, wala hakuna uzi wa kukatwa. Watu walime watakavyo, mradi wasiangushe nguzo zake wala wasifukue bamba lake. Niliketi masikio yakiniwaka. Mtani wangu akanisogelea, nikangoja dhihaka.

"Hiyo ya kutawanyika," alinong'ona, "baadaye unieleze tena."

Siku ya mapumziko nilipanda mlimani kwa mjomba. Nilimwambia kuwa niliwaeleza wazee jambo nisilolijua. Neno lile alikuwa amelisema kwa watu kwa kinywa chake mwenyewe. Akauliza kama sasa najua. Nikamwambia hili moja nalijua.

"Mimi siendi kuwaambia watu kwamba mpwa wangu alikosea," alisema. "Kalime wewe. Wauone mkono wako."

Tuliteremka pamoja hadi shamba la mama bondeni. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe ya stesheni, kwa makusudi, ili asitokee wa kusema aliyelima alikuwa mtu mwingine. Wanawake wa ukoo walisimama pembeni mwa shamba, hakuna aliyesogea. Nilipokea jembe kwa mama, nikaenda hadi penye nguzo. Juu waya ulikuwa ukivuma kwa upepo, na hata hapo moyo wangu uliniuliza kama nimeelewa vizuri. Nikaliinua jembe, nikalishusha karibu kabisa na shina la nguzo. Udongo ukapasuka. Waya ukaendelea kuvuma. Nikaliinua tena, nikaanza tuta la kwanza.