Jina Lililobaki Kwenye Fomu ya Sajini

Nakumbuka bado asubuhi ile, miaka ya tisini, kwenye nyumba za polisi karibu na Shauri Moyo, buti za Sajini Wekesa zilipoanza kutembea ndani ya nyumba yake. Mwanangu, Sajini tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla. Mimi mwenyewe nilibeba jeneza, na bega liliniuma siku mbili.

Tulikuwa majirani, ukuta mmoja. Saa kumi na mbili, watu wakijiandaa kwa paredi, nikasikia kop, kop, kop, kutoka mlangoni hadi dirishani, kimya kidogo, kisha kurudi. Mwendo wake kabisa. Kufikia siku ya tatu hakuna askari aliyetaka kupita mlango ule, na sisi ndio tuliojigamba hatuogopi majambazi.

Mimi niliogopa kuliko wote, na nilikuwa na sababu. Wiki chache kabla hajafa, Sajini alinionyesha fomu mpya ya kutaja mrithi wake. Alipoajiriwa alikuwa kijana hajaoa, akaandika mama yake ndiye apokee malipo iwapo angefia kazini. Mama alishafariki zamani. Sasa Sajini alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, akataka kuandika jina la mkewe. Nami na ujuaji wangu nikamcheka. Pale kwetu tuliamini anayegusa fomu ile amejiitia kifo. Tuliwakumbuka wote waliojaza wakafa. Waliojaza wakaishi hatukuwataja.

"Afande, wacha hiyo kitu," nikamwambia. "Maliza mwaka wako kwanza."

Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kabla mwezi haujaisha lori likamgonga Barabara ya Jogoo, akienda zamu.

Basi siku ya tano ya zile buti nikatumwa nikachukue sare za marehemu, maana vitu vya serikali hurudishwa. Nilibisha hodi. Buti zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Mlango ukafunguka.

Alikuwa mkewe, Mama Nafula. Alikuwa amezivaa, kubwa kuliko miguu yake, mbele amejaza matambara.

"Nilidhani wakisikia kuna mwanaume ndani watachelewa kututoa," akasema.

Nyumba zile ni za askari. Askari akifa, jamaa zake huambiwa wahame. Na kule ofisini faili lilikuwa limesimama, kwa sababu jina lililoandikwa lilikuwa la mama yake Sajini. Yaani walimngoja marehemu aje apokee haki ya marehemu. Mama Nafula, aliyemzalia watoto wanne, hakuwamo kabisa kwenye karatasi zile.

Akavua buti akanipa. Zilikuwa na joto. Akanipa na shati, na mfukoni nikagusa karatasi. Ile fomu, haijaandikwa kitu.

"Aliniambia kuna mtu alimkataza," akasema taratibu. "Hakumtaja. Ni wewe, Njoroge?"

Nikamwambia ni mimi. Hakunitukana. Aliniangalia tu, na mpaka leo nikifumba macho ananiangalia. Siku hiyohiyo nilijaza fomu yangu, na kama unavyoona sijafa.

Nilimsindikiza kwa chifu kutafuta barua ya kuthibitisha ndoa, kisha kwa wazee wa kwao waliopokea ng'ombe wa mahari, kisha mahakamani. Haki yake aliipata, sikatai. Lakini ilichelewa, ikamkuta kwenye chumba kimoja mtaani Baba Dogo, na Nafula, kifungua mimba wake, alikuwa ameacha shule, anafua nguo za watu. Hilo ni langu, nitalibeba.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeapishwa juzi, kiinua mgongo na pensheni huenda kwa jina lililoandikwa, si kwa mtu unayempenda moyoni. Ukioa, rudi ofisini. Ukizaa, rudi. Aliyeandikwa akifariki, rudi tena wiki hiyohiyo. Mwekee mkeo nakala, naye ajue faili liko wapi. Na mwenzako akishika kalamu, usimcheke.

Mungu akutunze mpaka siku ya kustaafu. Na kila asubuhi mkeo akisikia buti mlangoni, ziwe na wewe ndani yake.