Ufunguo Penye Pindo la Kanga

Leo asubuhi nimeinama mbele ya pikipiki kuukuu aliyoniachia mjomba, hapa uani kwetu Malindi, mjini Unguja, spana mkononi, na sithubutu kuivuta. Kwenye breki ya mbele kuna skrubu moja ndogo yenye tundu katikati. Ndiyo inayolegezwa ili upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki upate kutoka. Usipotoka, unabana mkono wa breki na pikipiki inakwenda zake kama haikukusikia. Hii yangu imeshika kutu. Na mchana nimemuahidi mama kumpeleka Paje kuzuru kaburi la bibi.

Ufundi nimejifundisha mwenyewe, kwa video za simu na kwa kuharibu. Nakwambia wewe kwa kuwa hutanicheka: mimi ni mwoga. Hulala nikiwaza nati niliyoikaza jana, nikaamka nikaikaza tena. Kila nikiigusa skrubu hii nausikia mlio ule. Tak! Na hapo hapo nimo uani kwa bibi, Paje, mtoto wa kike mwenye mikono iliyokwajuka kwa maji, siku ya mwisho ya Ramadhani.

Bibi akilima mwani. Mjomba, kitinda mimba wake, ndiye akiyabeba magunia kutoka pwani kwa pikipiki, matairi yakikanyaga maji ya bahari. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja: pikipiki isilale na chumvi. Kila alasiri, nikitoka chuoni kusoma Kurani, kuikosha ilikuwa kazi yangu. Nilichota maji kisimani nyuma ya jiko, nikaisugua kwa kumbi la nazi, na vitundu vyote nikavichokoa kwa chelewa, njiti ya ukuti. Sikutosheka mpaka nijione usoni kwenye chuma. Bibi akipita na ungo wake akisema, "Mwacheni huyo, ataisugua mpaka itoe maziwa."

Siku hiyo mama alikuwa anakuja na boti ya jioni kutoka Dar es Salaam, alikofanya kazi. Sikuwa nimemuona tangu sikukuu iliyopita. Boti ikifika bandarini Malindi, gari za kuja shamba zingekuwa zimekwisha, na mjomba ndiye wa kumpokea. Lakini adhuhuri mjomba alirudi kutoka dukani akiburuza miguu chini ili asimame. Breki hakuna. Bibi aliuchomoa ufunguo, akaufunga penye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo.

"Mama, nipe," mjomba akamwambia. " N'takwenda polepole."

"Polepole hiyo utaisimamisha kwa nini? Kwa mnazi? Mmoja nnamngoja kutoka baharini. Siwezi kuwangoja wawili."

Akaitwa jirani, mzee aliyetengeneza baiskeli za mtaa mzima. Alikuwa bado yuko mlangoni anavua viatu, mjomba keshaishika spana.

"Ngoja! Kaza kwanza kidogo, ndipo ulegeze!"

Mjomba hakungoja. Tak! Kichwa cha skrubu kikabaki ndani ya spana, mwili wake ndani ya breki.

Mjomba alikitazama kile kipande kama mtu aliyeng'olewa jino lisilouma.

"Nshakwambia," jirani akasema. "Kilichogoma hukianzi kwa kukivuta. Haya, mpigie dada yako simu umwambie alale mjini."

Nilianza kulia. Jirani, bila shaka kwa kutotaka kunitazama, akatia kidole kwenye ndoo yangu akakionja. Akakumbuka saumu, akatema mbio mbio.

"Haya ndiyo maji mnayoikoshea?"

"Naam," nikajibu.

"Lahaula! Bi Mkubwa, mnaikosha chumvi kwa chumvi!"

Sote tulijua maji ya kisima kile yana chumvi. Ya chai na ya wali tulikuwa nayo mbali, ndani ya mtungi. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba chuma nacho kinaonja.

"Hiyo skrubu ina tundu," nikasema katikati ya kwikwi. "Ndani. Mimi huwa nalichokoa."

Jirani akainama. Tundu lilikuwapo, limezibwa na kutu kidogo tu. Akasema anataka kitu kigumu, cha pembe nne, chembamba mbele na kinene nyuma. Mjomba akaleta msumari, ukapinda. Bibi akainuka, akaenda jikoni, akarudi na tupa anayonolea meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Mkia wake haukuwa na mpini: mgumu, wa pembe nne.

"Usinivunjie," akasema. "Nazi za kesho bado sijazikuna."

Jirani akaugonga mkia ule ndani ya tundu, taratibu, kama anayegonga mlango wa mgonjwa. Akamwagia chuma maji ya moto, akakigonga pembeni, akangoja. Mjomba akawa anatembea huku na huku.

"Kaa chini, unanitia kiwewe."

Kisha akaibana tupa kwa spana kubwa na kuisukuma upande wa kukaza. Mshipa wa shingo ukamsimama. Skrubu ikalia kidogo, kama panya. Akaigeuza upande wa pili. Ikaja.

Skrubu nyingine tuliitoa kwenye pikipiki yake mbovu, ambayo kuku alikuwa akitagia chini yake, na kuku yule alitutukana mpaka tukaondoka. Jirani akaipaka grisi, akaifunga, akaniweka mimi kwenye mkono wa breki. "Bana! Shikilia! Achia!" Mafuta yakatoka na povu, tena na povu, kisha bila povu, na ule mkono ukawa mgumu chini ya vidole vyangu. Bibi hakuamini neno la mtu. Alikuja mwenyewe, akaubana kwa mikono yake miwili, akautazama uso wa mwanawe, ndipo akaanza kufungua mafundo.

Tulifuturu kwa tende tu. Hakuna aliyeukumbuka uji. Bibi alikaa barazani akilipinda na kulikunjua lile pindo tupu, mpaka tukasikia mngurumo ukikata kona ya msikitini. Pikipiki ikasimama mbele yetu bila mguu kugusa chini. Mama alinuka moshi wa boti.

Ukienda Paje leo, kisima hukioni, ukuta wa hoteli umepita juu yake. Kwa jirani wanawakodisha watalii mabodi ya kuchezea upepo baharini. Mjomba miguu haimbebi tena. Tupa ninayo mimi, lakini nazi tunanunua zilizokwisha kukunwa.

Leo nimekaza kwanza. Skrubu ikalia, ikaja nzima. Nimetoa upepo, nimeubana mkono wa breki, mgumu. Nimeubana tena, na tena. Mama anauliza dirishani kama tayari. Nimesimama hapa sijamjibu. Siku hizi ufunguo umo mfukoni mwangu mwenyewe, na hakuna wa kuninyima.