Kaka Yangu Alisema Nimekufa Ziwani

"Shangazi yangu alikufa ziwani," yule binti aliniambia kwenye simu. "Ndiyo maana natafuta mtu mwingine anayeijua familia yetu."

Nilikuwa Katonga, mwaloni hapa Kigoma, dagaa wameanikwa mbele yangu. Nikamuuliza shangazi huyo aliitwa nani. Akataja jina langu. Akataja la baba yangu, na kijiji cha ng'ambo, upande wa Kongo, nilikozaliwa. Halafu akasema, "Bibi bado anamlilia. Kila Pasaka anatuma ombi kanisani uimbwe wimbo wa kumkumbuka."

Bibi huyo ni mama yangu mzazi. Mimi nimepita miaka hamsini, napumua, nagombana na wateja kila siku, na mama yangu ananikalia matanga huko Amerika.

Huyo binti ni wa kaka yangu mkubwa. Aliondoka hapa akiwa wa kubebwa mgongoni, sasa anaongea Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Huko waliko wanasali na Wamennonite wazungu, na hao wakikutana na mtu wanamuuliza babu yake ni nani. Wao wanawajua babu zao mpaka Uswisi walikofukuzwa kwa sababu ya ubatizo, wanajua na meli walizopanda kwenda Amerika. Yeye akiulizwa, anamjua baba yake na kambi ya wakimbizi, basi. Akaona aibu. Akaanza kuulizia watu wa Kigoma kwa simu, huyu akimpeleka kwa yule, mpaka akampata muuza samaki mwenzangu. Mwenzangu akamwambia, "Yupo mama mmoja hapa, Mmennonite wa ng'ambo, mkali kama pilipili. Ngoja nikupe, ila akikutukana usinilaumu."

Angeniuliza mimi, ningemwambia Umennonite wetu haukutoka Uswisi. Ulianzia kwenye jagi la plastiki. Tulivuka ziwa tukikimbia vita, tukapelekwa kambini, na kambini baba akapiga magoti, mwinjilisti aliyetoka Mara akammiminia maji ya jagi kichwani. Walitufundisha mambo mawili: tusishike silaha na tusiape. Ukiulizwa, jibu ndiyo au hapana, yanatosha. Kwa watu waliokimbia bunduki, maneno hayo yalikuwa matamu. Baba alizikwa hukohuko kambini akiyashika.

Baada yake kaka ndiye aliyeshughulikia safari ya Amerika. Tulioandikishwa ni mama, yeye na mke wake, mtoto wao, na mimi. Huku tukingoja, mimi nilikuwa natoka kambini kwenda kutafuta dagaa, maana mgao wa chakula haukutosha. Siku moja boti ya mizigo niliyopanda ilipinduka kusini ya Ujiji. Watu walikufa. Mimi nilishikilia dumu tupu mpaka wavuvi wakaniokota, mguu umevunjika. Nililala kijijini kwao mpaka mfupa ukaunga, sina simu, sina wa kumtuma. Kambini walinililia. Maofisa wa safari walipomuuliza kaka dada yako yuko wapi, amekufa? akajibu ndiyo. Kwa ndiyo hiyo simlaumu. Hata mimi ningeamini.

Niliporudi nilifikia mtaa wa Gungu, mjini Kigoma, kwa mzee wa kanisa letu, ambaye alikuwa amehama kambini akikaa kwa mwanawe. Aliponiona alisema, "Yesu wangu!" akakaa chini barazani bila kutafuta kiti. Akampigia kaka simu aje. Kaka alikuja, akanikumbatia, akalia kweli. Halafu wakatoka nje wawili, wakanong'ona. Waliporudi, kaka alikuwa hanitazami.

"Dada, mahojiano ya mwisho ni wiki ijayo."

"Vizuri, yaya," nikasema. Yaya ndivyo sisi wa ng'ambo tunavyomwita mkubwa wetu. "Twende wote, wanione."

"Nimeshasema ndiyo. Hatukuapa, walituheshimu kwa hilo. Nikigeuza leo, wataona Mmennonite ni mwongo kama wengine, na safari ya wote itafutwa. Mama ataozea kambini."

Mzee akaongeza, "Vumilia, binti yangu. Ndiyo ya Mkristo haigeuzwi kama chapati."

"Hata kama si kweli?"

"Ilikuwa kweli siku aliyosema."

Nikauliza, na mama je? Kaka akasema atamwambia mwenyewe, polepole, moyo wake usishtuke, na wakishafika wataniita. Nikakubali kukaa kimya. Nani asingekubali? Ni kaka yangu, na yule ni mzee wa kanisa.

Wiki ile kaka aliulizwa tena, amekufa? Akajibu tena ndiyo, na machozi aliyonililia hayajakauka. Mzee ndiye aliyenisimulia, tena akijisifu: "Alijibu vizuri, hakutetereka." Wakaondoka. Sikuitwa. Nikaolewa Buzebazeba, nikazaa, nikazeeka. Kaka sasa ni shemasi huko Amerika. Mzee bado yuko Gungu, tukikutana ananiuliza bei ya dagaa.

Sasa yule binti. Nilimwambia, "Shangazi aliyekufa ndiye unayeongea naye." Akasema, "Mama, usinitanie." Nikamweleza kidole cha bibi yake kilichokatwa na shoka, na jinsi anavyokificha kwenye kanga wageni wakija. Akaanza kulia. Akasema bibi hatoki tena kitandani, na kwamba anakwenda kumuuliza baba yake saa hiyohiyo.

Kesho yake alinitumia ujumbe wa sauti. "Baba anasema nyinyi ni matapeli wa Kigoma, mnatumia majina ya marehemu kuomba hela. Amenikataza kukupigia." Tangu hapo nikimpigia hapokei. Wanawake wa Katonga wameshapata la kusema: "Marehemu, shikamoo! Huko ahera dagaa ni bei gani?" Nawajibu huko hawali dagaa, samaki wao ni migebuka wakubwa, na tunacheka. Nikifika nyumbani sicheki.

Sitaki Amerika, mguu huu hauwezi baridi. Sitaki hela ya mtu. Namtaka mama asikie sauti yangu kabla hajafumba macho.

Kwa hiyo mzee wa Gungu, unajua kumpigia kaka yangu, ulimpigia hata siku ile. Mpigie. Na wewe yaya, shemasi, mtoto wa kwanza wa mama yangu, nakuuliza mbele ya wote wanaosoma. Mama anakwenda kwa Mungu akiamini atanikuta huko. Akifika akanitafuta katikati ya wafu asinione, umepanga amuulize nani? Nijibu. Na kabla hujanijibu mimi, ingia chumbani kwake, mwekee simu sikioni, umwambie ni nani anayeongea. Useme kwa sauti, na mimi nikusikie.