Siku Swali Langu Lilipojibiwa Bungeni

Mwalimu wa chuo aliyenifundisha kusoma Kurani nikiwa na meno ya utotoni alikuja ofisini kwangu asubuhi moja, miezi michache baada ya mimi kuchaguliwa mwakilishi wa wadi. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikamsogezea kiti. Hakukikalia mara moja. Alisimama akiishika buibui yake juu kidogo ya vifundo vya miguu, kama mtu anayepita majini, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa amefika. Ukingo wa chini ulikuwa umelowa.

"Mwanangu," alisema, "ule ujia wa nyuma ya msikiti haupitiki. Maji ya choo yanatiririka mchana kutwa. Watoto waja kusoma na miguu michafu, nawatawadhisha, wakitoka nje wachafuka tena. Nimefunga madirisha. Sisi hatutaki hotuba, mama. Twataka yakome."

Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilidhani ni uzee. Nilimwahidi kwamba yatakoma, nikamfungulia mlango, nikaona namna alivyosita kizingitini kana kwamba ana neno jingine. Hakulisema.

Ujia ule nilizaliwa karibu nao. Nyumba yetu ya urithi iko kwenye mpindo wake: sakafu ya chini anakaa mama, na juu kaka yangu amepangisha vyumba tangu baba alipofariki. Mimi nilishahamia kwa mume, upande wa pili wa kisiwa, na nilipokwenda kumsalimu mama nilipitia mlango wa mbele, uliotazama barabara. Nyuma sikuwa nikifika. Nilikuwa mtu wa kushuka garini, kupunga mkono, kuingia.

Nilianza kwa kuwaandikia barua watu wa idara inayohusika na usafi na maji taka. Sikujibiwa. Nikapiga simu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa na adabu nyingi: "Tunalishughulikia, Mheshimiwa." Nikapiga tena baada ya mvua za masika, maji yalipoanza kuingia hadi kwenye kumbi za watu. "Tunalishughulikia, Mheshimiwa." Adabu ile iliniudhi kuliko tusi.

Katika ofisi ya Karani wa Bunge la Kaunti kulikuwa na afisa mmoja kutoka bara, mwanamume mpole aliyekuja Mombasa kwa kazi akaoa na kubaki. Kazi yake ilikuwa kutusaidia sisi wawakilishi kuandika maswali. Nilipomweleza shida yangu alinionyesha njia ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa nikiidharau, maana niliiona ya polepole mno.

"Ukisimama ukalalamika, watakusikiliza wakasahau," alisema. "Ukiuliza swali la maandishi, Spika akalikubali, waziri wa kaunti hana budi kulijibu, kwa maandishi, na jibu linasomwa mbele ya Bunge na kuingia katika kumbukumbu. Lakini usimuulize kama anajua kuna tatizo. Atasema anajua, na mambo yataishia hapo."

Tukaliandika pamoja. Maji yale yanatoka wapi hasa? Idara ilipata habari lini? Imechukua hatua gani dhidi ya anayehusika? Ni lini ujia utakuwa safi? Kila nilipoandika neno la kupamba alilikata. Mwishowe likabaki swali fupi, kavu, lisilo na mlango wa nyuma wa kutokea. Nililipenda kama mtu anavyopenda kisu kilichonolewa.

Na hapo ndipo nilipoanza kujisifu. Swali lilipokubaliwa nililipiga picha nikaituma kwenye kundi la simu la wadi. Nilisifiwa hadi nikaona haya ya uongo, ile ya mtu anayetaka aendelee kusifiwa. Kwenye harusi moja nililitaja swali hilo nikiwa nimeshika kipaza sauti, na wanawake wakanipigia vigelegele. Nikasema kwamba aliyefungulia watu uchafu wake atatajwa mbele ya umma, awe nani. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua pindo la leso yake. Nilidhani kelele za muziki zimemchosha.

Siku ya jibu niliwaalika watu wa mtaa waje wasikilize. Walijaza viti vya wageni, Mwalimu wangu akiwa katikati yao, amevaa miwani yake ya kusomea kana kwamba jibu lingepitishwa mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa nimevaa buibui mpya. Faili langu lilikuwa na maswali manne ya nyongeza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ya kumbana waziri akijaribu kuteleza.

Waziri wa kaunti alinikuta kwenye kibaraza kabla ya kikao. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alinivuta kando.

"Mheshimiwa, naomba uliondoe lile swali. Nitakuja kwako, tuzungumze, tulimalize kwa heri."

"Kwa nini?"

"Kwa faida yako. Tafadhali."

Nilidhani ndiyo hila yenyewe niliyokuwa nikiisubiri. Watu wa mtaa walikuwa wakipita kuelekea viti vya wageni, nami nikapandisha sauti ili wanisikie. "Jibu litasomwa, Bwana Waziri. Lisomwe lote, na watu wangu wasikie."

Alinitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo ninayoikumbuka mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni, na uso unanipanda joto kama ilivyokuwa siku ile.

Alisoma polepole. Idara ilikuwa na habari. Wakaguzi wake walifika na kuufuata mfereji wa mvua mpaka chanzo. Chanzo chenyewe kilikuwa bomba la plastiki lililounganishwa na mfereji huo bila idhini, likimwaga maji ya vyoo vilivyoongezwa ghorofani katika nyumba iliyo kwenye mpindo wa ujia, nyumba ya orofa mbili yenye mlango wa nyuma wa bati, ambayo imeandikishwa kwa warithi wa marehemu…

Kisha akataja jina la baba yangu.

Sikuelewa mara moja. Nilisikia jina la baba likisomwa kwa sauti ya serikali, nikafikiri, mbona wamtaja baba? Halafu nikaukumbuka mlango wetu wa nyuma, wa bati. Mwakilishi mwenzangu wa kiti cha jirani aliinama akajifanya anatafuta kalamu sakafuni. Nyuma, kwenye viti vya wageni, mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi kilichozimwa kwa kiganja.

"Mheshimiwa," Spika alisema, "una swali la nyongeza?"

Ningeweza kusema sina. Kila mtu katika ukumbi ule angenielewa, na nadhani wengi walitamani niseme hivyo ili aibu itupite sote. Nilisimama kwa sababu kukaa kulikuwa kugumu zaidi. Nikafungua faili, maana sikujua macho niyaweke wapi, na mbele yangu kulikuwa na swali la kwanza kati ya yale manne. Nikalisoma kama lilivyo. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kwa kuwa idara ilimjua mwenye nyumba, kwa nini hakupewa ilani ya kumtaka aondoe bomba?"

Waziri hakuinua macho. "Bwana Spika, ilani iliandikwa. Maafisa wetu waliipeleka mara mbili. Waliambiwa mlangoni kwamba hiyo ni nyumba ya Mheshimiwa, na kwamba Mheshimiwa ana habari. Wakarudi nayo."

Basi hiyo ndiyo adabu niliyokuwa nikisikia kwenye simu. Wale watu walikuwa wakidhani napiga kuwapima kama watathubutu. Cheo nilichoombea kura nikiwa nimesimama juu ya viti vya plastiki, nikiapa kuwatumikia, kilikuwa kimegeuzwa kikwazo cha mlangoni. Mimi mwenyewe sikukijua, na kutojua huko hakukunipunguzia chochote. Nilisema ahsante, nikaketi. Maswali mengine matatu sikuyauliza.

Nje, watu wa mtaa walitawanyika haraka, kila mmoja akikumbuka ana shughuli. Mwalimu peke yake alinisubiri kivulini. Sikuweza kumwangalia.

"Mwalimu, wallahi nilikuwa sijui."

"Sasa najua kuwa hukujua," alisema. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Sisi sote twajua bomba ni la kwenu. Twalipita kila siku. Tulidhani na wewe wajua. Siku ile nilikuja kwako peke yangu kwa kukustahi, nisikutaje mbele ya watu. Ulipoahidi, nikasema, alhamdulillahi, ameelewa. Kisha nikasikia wewe watangaza harusini. Nikajiuliza, huyu mtoto ana moyo gani?"

Kwa hiyo miezi yote ile niliyokuwa nikipigiwa vigelegele, mtaa mzima uliniona mnafiki, na ukanipigia makofi kwa adabu.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikapitia ujiani. Nilivua viatu. Bomba lilikuwa pale, jeupe, nene kama mkono, likitokea ukutani chini ya dirisha la chumba nilimolala nikiwa msichana. Halikufichwa hata kwa gunia.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Umetuvua nguo," mama alisema bila kugeuka. "Umemvua nguo baba yako kaburini. Mambo ya nyumba hunenwa nyumbani."

"Mama, kwani mlikuwa mkiniambia?"

"Ulikuwa ukiuliza?" kaka alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Shimo la choo limejaa tangu zamani. Pa kuchimba jingine hapana, wajua mwenyewe nyumba zetu zilivyobanana. Wapangaji ndio wanaomlisha mama na kumnunulia dawa. Ulikuwa waja hapa nusu saa, wanywa kahawa, watazama simu. Ningekwambia wakati gani?"

"Na maafisa? Nani aliwaambia nina habari?"

Kaka alimtazama mama. Halafu mama akasema, kwa sauti ndogo sana, "Mimi. Niliogopa. Nilisema jina lako kama mtu anavyosema bismillahi."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya haki, na sasa sikuwa nayo tena.

Ilani ilipoletwa mara ya tatu niliipokea mimi, nikatia sahihi kama mrithi. Afisa aliyeileta alikuwa kijana wa heshima. Fundi alikata bomba siku iliyofuata. Lakini bila bomba vyoo vya juu havikuweza kutumika, na wapangaji wa ghorofani ilibidi wahame. Mmoja wao alikuwa karani wa reli aliyetoka bara, mkewe ana mtoto mchanga. Walipokuwa wakishusha godoro ngazini nilijaribu kushika upande mmoja. Mwanamke yule alisema, "Asante, acha tu," akaliegemeza begani kwake mwenyewe. Alikuwa na haki. Hakuwa amemwagia mtu uchafu, alilipa kodi, na sasa anatafuta chumba upande wa Makupa na mtoto mgongoni ili wadi yangu iwe safi.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengi walinikaribisha wakabadilisha mazungumzo, wakanipa kahawa chungu na kashata, wakaniuliza habari za mume wangu. Nyumba moja hawakufungua, ingawa nilisikia viatu ukumbini vikisimama. Nilingoja kidogo, nikasema salamu zangu kwa mlango, nikaenda zangu. Kwenye kundi la simu mtu aliniita Mheshimiwa Bomba, na jina likashika. Watoto hulitaja bado, bila ubaya, kama jina lolote lile.

Ujia ulikauka. Mwalimu akafungua madirisha, na ukipita sasa utasikia sauti za watoto wakikariri. Wawakilishi wenzangu wawili walinifuata faragha, wakaniuliza kama ni kweli waziri anaweza kusoma mbele ya Bunge kila kitu idara ilichogundua. Niliwaambia ni kweli. Mmoja aliliondoa swali lake wiki hiyo hiyo. Mwingine alilipeleka, lakini simjui vizuri, na sijui alikwenda kwanza kuuliza kwao au la.

Mama hakuacha kuniletea chakula. Mwezi mzima wa Ramadhani alimtuma kaka na bakuli la uji wa mtama na kaimati zilizofunikwa kwa kitambaa, lakini hakutuma salamu. Siku ya Idi nilikwenda, nikapiga magoti, nikambusu mkono. Aliniachia mkono wake. Ulikuwa mwepesi, una harufu ya udi. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akamwambia kaka aniandalie, kisha akainuka, akaingia chumbani kwake taratibu akiushika ukuta, nami nikala peke yangu ukumbini, nikiwa nimevaa nguo mpya, watu wakipita nje wakinisalimia kwa cheo changu.