Mke wa Manoa Juu ya Magunia

Mchungaji wetu alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Kila wanandoa walipewa mume na mke wa kwenye Biblia, wakae nao mwezi mzima, wasome habari zao, kisha wasimame mbele ya wenzao waseme wamejifunza tabia gani ya kumpendeza Mungu. Wazee wa kanisa walipewa Abrahamu na Sara. Jirani zetu, waliokuwa wamefungua duka, wakapewa Akila na Prisila. Mimi na mume wangu tukapewa Manoa na mkewe, nami nikakasirika hadi machozi, kwa sababu habari ya mwanamke yule inaanza kwa kutajwa kuwa ni tasa, na kijiji chetu kizima cha Ulaya, huku Kilosa, kilijua sisi hatuna mtoto. Hata jina lake hakuandikiwa.

Ambacho Ulaya haikujua ni kwamba nilikuwa na mimba kubwa. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na mama mkwe wangu akaamua hii ya tatu isitajwe. Kwao, mimba ya mwanamke aliyekwisha kupoteza haisemwi wala haipongezwi, na mtoto hanunuliwi hata kitambaa mpaka asikike analia. Mama mkwe alikuwa mwimbaji wa kwaya, lakini katika hili hakutaka kumwachia Mungu peke yake. Mume wangu akaninunulia koti refu la kiume mnadani, kwenye rundo la mitumba, nikawa nalivaa mchana kwenye jua lile. Aliyeuliza, tulimjibu malaria.

Zahanati nilikwenda mara moja tu, kwa kujificha. Muuguzi akanipapasa, akasema mtoto amekingama, nisithubutu kujifungulia nyumbani. Tangu siku hiyo nikawa naogopa kila kitu. Niliogopa kuamka. Niliogopa kwenda chooni, nisije nikaona damu.

Mume wangu naye hakuwa wa kunitia moyo. Baba yake alikuja Rudewa kukata mkonge, na shamba lilipofungwa, miaka ile mashirika yanakufa na kila mtu anaambiwa ajitafutie, mume wangu akahamia Ulaya akawa fundi baiskeli. Alikuwa na mikono ya kunyoosha rimu kwa nguvu zake mwenyewe, lakini panya akipita alinitanguliza mimi. Katika kusoma, tulipofika pale Manoa anapomwambia mkewe kwamba hakika watakufa maana wamemwona Mungu, akacheka, akasema huyu ni ndugu yake kabisa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama yule mwanamke, anayemjibu mumewe kwa utulivu kwamba Mungu angetaka kuwaua asingeipokea sadaka yao, wala asingewaambia habari za mtoto. Nilimwonea wivu. Sikuwa na moyo kama wake.

Zamu yetu ya kusimama kanisani haikufika. Asubuhi moja ya masika uchungu ulinishika kabla ya wakati. Mto ulikuwa umekata barabara ya Kilosa, na njia iliyobaki ilikuwa ya Mikumi. Mume wangu akasimamisha lori la mahindi. Dereva akachungulia, akauliza mgonjwa ana nini.

Mume wangu akajibu malaria. Alijibu kwa mazoea, na nadhani pia kwa hofu.

Dereva akaniangalia nilivyojikunyata ndani ya koti, akaamini. Kule mbele alikuwa amekaa mzee wa kanzu. Malaria haizuii mtu kukaa juu, akasema dereva, shemeji apande. Basi nikasukumwa juu ya magunia, na mume wangu akanifuata.

Barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Kila lori lilipodunda nilihisi kitu kinakatika ndani yangu. Nilishika kamba kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, na sikuthubutu hata kulia. Kisha nikasikia maji ya moto yananitiririka miguuni. Mume wangu aliyaona. Uso wake ukabadilika.

"Tunakufa," akasema. "Mke wangu, leo tunakufa."

Nilimtazama. Nilitaka mtu wa kunishika, na aliyekuwapo ni huyu anayetetemeka. Hapo nikamwelewa mke wa Manoa. Labda naye alikuwa anakufa kwa hofu, ila mumewe alikuwa ameshatangulia kuisema, akaona wakiisema wote wawili hatabaki mtu.

"Mungu hakutufikisha huku ili aje kutuulia juu ya mahindi ya watu," nikamwambia. "Gonga bati. Mwambie dereva ni mimba."

Hakugonga. Midomo ilimcheza tu, anamwogopa mama yake aliye maili nyingi nyuma. Nikagonga mwenyewe, nikalisema kwa sauti neno tulilolificha miezi yote ile, na nikangoja mtoto afie tumboni kwa kusemwa. Lori likasimama. Nikamhisi anapiga teke.

Dereva alimfokea mume wangu kama mtoto mdogo. Mzee wa kanzu akateremka, akapanda magunia, mimi nikakaa mahali pake.

Hospitali ya Mikumi walisema nipasuliwe mara moja. Muuguzi akauliza nguo za mtoto ziko wapi. Nikatazama vikapu vya wanawake wengine, vimejaa khanga na visweta, nami sina kitu. Ule ujasiri wa juu ya lori ukaniishia palepale. Nikamshika mume wangu shati, nikamsihi asinunue chochote, asimtangulie Mungu. Nilikuwa nasema maneno ya mama yake, neno kwa neno.

Akanibandua vidole taratibu, akatoka.

Alirudi anahema, nimeshalazwa kwenye machela. Alikuwa ameshika gauni la mitumba, la njano, lenye mfuko kifuani. Lilikuwa la mtoto anayetembea.

"Kubwa hili," nikamwambia. "Kichanga hawezi kulivaa."

"Najua. Khanga ya kumpokelea nimeazima kwa yule mama pale." Akalikunjua gauni mbele yangu. "Hili ni la akianza kutembea."

"Na akiwa wa kiume?"

"Nitakwenda kubadilisha."

Wakanisukuma ndani. Hofu yangu haikupungua hata kidogo, ila nililala nikiwaza rangi ya njano.

Binti yetu alilivaa gauni lile kabla halijamtosha, likiburuza vumbi la uwanja wa kanisa, na baba yake yuko nyuma yake ameinama, mikono ameitanua, anaogopa asije akaanguka.