Nilikwenda Siakago Kuchukua Mbegu

Sababu ya safari hii ni mdomo wangu. Nafanya kazi Sudan Kusini, katika kijiji kimoja kusini mwa Torit, nikiratibu misaada ya watu waliorudi makwao baada ya vita. Mwanzoni mwa mwaka mbegu tulizoagiza zilikwama njiani. Katika mkutano wa kijiji nikasimama, bila kuulizwa na mtu, nikasema kwamba kwetu Kenya kuna akina mama wanaotunza mbegu za kienyeji zinazoota hata ukizimwaga barabarani. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, Mama Achan, hakupiga. Huyu alikaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, miaka kumi na minne, na Kiswahili alichotoka nacho huko kina meno.

"Basi enda ulete," akasema. "Mvua inakuja mwezi wa tatu. Na usiniletee chakula, Karimi. Nimekula chakula ya gunia mpaka nimechoka. Mimi nataka kupanda shamba ya mama yangu. Mvua ikipita kama hatujapanda, ni mwaka mwingine wa kungojea lori."

Jioni hiyo hiyo nikapanda kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikamwandikia Mama Ciarunji wa Siakago, huko Mbeere. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wakulima, na tulijuana Embu kwenye mafunzo ya kuhifadhi nafaka. Nilimwandikia hivi: "Tunahitaji mahindi ya msaada kwa ndugu zetu waliotoka vitani. Yawe safi kabisa, yawe tayari katikati ya mwezi wa pili." Akajibu: "Sawa mami. Tumeelewa." Nikashuka kichuguu nikijisifu. Meseji fupi, kamili, ya mtu aliyezoea ofisi.

Siku tatu za kwanza zilikuwa za vumbi. Gari la kazini lilinifikisha Lokichogio, na kutoka hapo mabasi yakanipokezana: Lodwar, Kitale, Nakuru, Nyahururu. Nilipofika Nanyuki nikahisi baridi ya mlima shingoni nikajua niko karibu na kwetu.

Kiirua, nyumbani kwetu Meru, nilifika saa nne asubuhi. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akimenya viazi. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani kabla ya kunisalimia.

"Umekonda," akasema. "Hao watu wa vita, wewe ndiye unawalisha ama wao ndio wanakulisha?"

Nikamweleza ninakokwenda na ninachofuata. Hapo nikawa nimelikoroga.

"Mbeere? Meru hii yote haina mbegu?"

"Ya huku inataka baridi, mama. Kule ni joto kama Siakago."

"Nilikupa jina Karimi, mlimaji. Jembe ulishika lini mara ya mwisho?"

Nikajibu kwamba mwaka jana. Sikumwambia kwamba nilishika kwa dakika mbili, mgeni mkubwa akipigwa picha. Alinifungia viazi vya kuchemsha vya kutosha watu sita, akaniombea sala ndefu ambayo ndani yake aliomba pia nipate akili.

Kesho yake nikateremka Meru mjini, nikapita Chuka. Barabara ile inashuka na kupanda kila ikikutana na mto wa mlimani, na mito yenyewe haina idadi. Mchana nikawa Embu, na kutoka Embu nikapanda hadi Manyatta kumtafuta Njeru, mwenye lori. Kazi yake ya kila siku ni kubeba majani chai, lakini Sudan Kusini ameshaenda mara nyingi na walinzi wa mpakani wanamjua kwa jina.

Tulikubaliana tuondoke saa moja asubuhi. Saa moja nilikuwa nimesimama kando ya lori lake na mfuko wangu wa viazi. Njeru alitokea saa tatu kasoro, akitembea taratibu, shavu moja limejaa majani ya muguka.

"Saa moja ya Manyatta ndiyo hii?" nikamuuliza.

"Madam, hasira ya Meru itakuua. Lori lilikuwa linakunywa maji."

"Na wewe ulikuwa unatafuna."

"Nyinyi mnatafuna miraa mnaiita utamaduni. Sisi tukitafuna muguka mnatuita walevi." Akanifungulia mlango kwa heshima zote. "Panda, dada. Siakago si mbali."

Kweli si mbali. Ukiacha Embu na kuteremka kuelekea Mbeere, kahawa inaisha, migomba inaisha, na sweta unaivua mwenyewe bila kuambiwa. Kabla ya saa sita tulikuwa Siakago, nyuma ya soko, kwenye ghala la kikundi. Akina mama walikuwa wamevaa vitenge vya sare na walitupokea kwa ngemi, vile vigelegele vya huku vinavyopigwa kwa heshima ya mtoto aliyezaliwa. Niliona aibu kidogo. Halafu nikazoea.

Mama Ciarunji ni mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mipana. Alinishika kiganja asiniachilie.

"Kuja uone," akasema. "Tulilala hatulali kwa hii kazi yako."

Ndani kulikuwa na magunia ishirini na manne, yamepangwa vizuri, midomo imeshonwa kwa sisali. Akafungua moja. Nikaingiza mkono, na mkono ukarudi na mahindi meupe pee, laini, yasiyo na ganda wala kiini. Nikafungua la pili. Nikafungua la tatu. Yote yalikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyolainishwa kwa maji, yakatwangwa kinuni mpaka maganda yakatoka, kisha yakaanikwa. Ni chakula kizuri sana. Ila ukiupanda muthokoi, utakaa shambani hadi Yesu arudi.

"Mama Ciarunji," nikasema. "Mbegu iko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Ya kupanda. Kule wanangoja kupanda."

Ngemi zilikatika. Mama Ciarunji akatoa simu kwenye kitenge, akavaa miwani, akaisoma ile meseji yangu kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma barua ya wokovu kanisani. Mahindi. Ya msaada. Safi kabisa. Yawe tayari. Alipomaliza akaniuliza kwa upole, "Sasa hapa, mbegu umeandika wapi?"

Sikuwa nimeandika. Ofisini kwetu kila kilichomo ghalani huitwa msaada, iwe ni mbegu, blanketi au sabuni, na mimi nimeishi na neno hilo hadi nimesahau kwamba kwa watu wengine lina maana yake. Huyo ndiye mlimaji aliyetumwa.

"Sisi msaada tunaujua," Mama Ciarunji akasema. "Kiangazi kikija hapa tunaletewa. Mara moja walituletea mahindi ya njano, ngumu kama kokoto. Unachemsha leo, unachemsha kesho, kuni zinaisha na haijaiva. Mtoto analia, wewe unachochea moto. Sasa wewe ukasema ni watu wametoka vita. Tukasema, hawa hatuwezi kuwatumia mahindi na ganda. Watu wamechoka hivyo, nani atatwanga? Tukawatwangia."

Wote walikuwa wananitazama. Niliona viganja vyao, na baadhi vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa. Mama mmoja mnene akaanza kucheka. "Alisema iwe tayari!" akasema. "Ni tayari, si imebaki tu sufuria?" Basi ghala zima likacheka, na Njeru mlangoni nusura ameze muguka wake.

Kicheko kilipoisha, tatizo lilikuwa palepale. Zilibaki wiki mbili mvua inyeshe kule Torit, na mimi nilikuwa na lori la chakula nilichokatazwa kuleta. Nilimwona Mama Achan akilini mwangu, amesimama kwenye shamba la mama yake, mikono mitupu.

Mama Ciarunji akasema maneno machache kwa Kimbeere. Akina mama wakatawanyika. Nikadhani wamekasirika, na walikuwa na haki. Saa nane wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na mafungu ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Ni ile mbegu inayotundikwa jikoni juu ya mafiga, moshi uilinde na wadudu hadi mvua ije. Wengine walileta vibuyu vya kunde na ndengu zilizochanganywa na majivu.

"Hapana," nikasema. "Na nyinyi mtapanda nini? Mvua yenu inakuja mwezi huo huo."

"Nusu yetu, nusu yao," akasema Mama Ciarunji. "Sisi ikitushinda tutaenda soko ya Embu. Wao wataenda soko gani?"

Tulikaa chini tukapukuchua hadi jua likapoa. Nilipukuchua na mimi, na nikachekwa kwa namna ninavyoshika gunzi. Yalitoka magunia saba ya mahindi na mawili ya kunde na ndengu. Njeru akauliza kama muthokoi ubaki. Akina mama wakamgeukia wote kwa pamoja.

"Hiyo hairudi jikoni yangu," akasema yule mnene. "Nimetwanga siku tisa. Iende ikaone Sudan."

Basi tukaupakia, muthokoi chini na mbegu juu, nami nikawa natunga maneno ya kumwambia Mama Achan.

Safari ya kurudi ilichukua siku tano. Maneno yenyewe sikuyapata. Kufika Lodwar nilikuwa nimeamua kuuficha muthokoi kwenye ghala letu na kuugawa baadaye, kidogo kidogo, bila kelele. Mpakani mkaguzi alichungulia gunia la juu. "Haya ni nini?" Mahindi, nikasema, kama karatasi zinavyosema. Akachungulia la chini. "Na haya?" Pia ni mahindi. Akayashika, akayageuza kiganjani. "Mbona yamenyolewa?" Njeru akamjibu kwamba yalikuwa yanakwenda harusini, na tukapita.

Kijijini tulifika asubuhi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa milima. Mama Achan alikuwa wa kwanza kufika kwenye lori. Alitumbukiza mkono kwenye mbegu nyeusi, akainusa.

"Moshi," akasema. "Hii imetoka jikoni ya mtu." Akacheka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

Halafu vijana waliokuwa wakishusha mizigo wakafikia magunia ya chini. Moja likapasuka, muthokoi ukamwagika mweupe juu ya udongo mwekundu. Mama Achan akainama akaokota punje moja. Nikaanza kujitetea: kwamba nakumbuka alichoniambia, kwamba si dharau, kwamba naweza kuurudisha.

"Nani alikuambia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nani aliniambia nini?"

Akanivuta upande wa pili wa lori.

"Mwaka jana, mbele yako wewe hujakuja hapa, walituletea mbegu. Mbegu ya duka, iko na dawa nyekundu. Wakatupa mbegu peke yake, wakaenda. Tulikuwa hatuna kitu nyumbani, Karimi. Hata kitu moja. Tuliosha hiyo mbegu mara tano, tukapika, tukaomba Mungu. Walipokuja kuuliza tukasema jua limechoma."

Ripoti niliyoikuta ofisini ilisema hivyo hivyo: mbegu hazikuota kwa sababu ya jua. Nilikuwa nimeisoma na kuitia sahihi.

"Kwa hiyo uliposema hutaki chakula..."

"Nilikuwa naona haya. Mtu aliyekula mbegu, ataomba chakula na mdomo gani? Lakini usiku nilikuwa nawaza, hii ya Karimi pia tutakula. Najua sisi tutakula."

Ningeweza kunyamaza nikaonekana mwenye busara. Nilijaribiwa, sitadanganya. Lakini nilimweleza yote: meseji, kinu, malengelenge, na kwamba hakuna aliyeniambia chochote wala mimi sikuwa nimefikiria chochote. Nilipofika kwenye habari ya akina mama waliosema watu wamechoka, nani atatwanga, Mama Achan alikaa chini juu ya gunia akafunika uso kwa mikono. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka na analia.

"Hao wamama," akasema alipopata pumzi, "waandikwe kazi kwa ofisi yenu. Wewe ubaki dereva."

Tangu siku hiyo nimeanza upya kazi niliyodhani naijua. Miaka tisa nimehesabu magunia na kuchora ramani, na sikuwahi kumuuliza hata mtu mmoja atakula nini siku ile anayoinama kupanda, na siku zote zinazofuata hadi jani litoke. Siakago walikosea neno langu moja, na kosa lao lilikuwa na akili kuliko mpango wangu.

Mvua ilinyesha Jumatano. Mama Achan aliweka masufuria matatu makubwa kando ya shamba la mama yake, akapika muthokoi na mboga kidogo, na kila aliyelima alikula ashibe kabla ya kupewa mbegu yake mkononi. Walipanda Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi jioni yale magunia saba meusi yalikuwa matupu, na sufuria haikuwa imeonja hata punje moja ya mbegu.